Funga Mlango, Joto Linatoka

Fundi aliyeniletea kiyoyozi alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vyeupe. Alikisukuma kwa magurudumu yake mpaka katikati ya sebule, akachomeka waya ukutani, akavuta lile bomba nene la plastiki lenye makunyanzi lililo nyuma ya mashine. Akalitazama bomba. Akatazama dirisha langu, lina nondo na wavu wa mbu. Akalitazama tena bomba, kisha akalilaza nyuma ya pazia, humo humo ndani, akajipangusa mikono. "Tayari, mama. Sasa hivi utaomba blanketi."

Blanketi gani! Robo saa haikupita, sebule ikawa tanuri. Mbele ya mashine ulipata ubaridi wa kutosha pua na kidevu, na nyuma ya pazia hewa ya moto ilikuwa inamwagika tu, inapanda ukutani, inaturudia. Mimi naishi Dar es Salaam, ghorofa ya nne, nyumba ya kupanga inayopigwa na jua tangu asubuhi mpaka linazama, kwa hiyo joto nalijua. Lile lilikuwa joto juu ya joto. Nikapeleka mkono nyuma ya pazia, nikausikia ule mpumuo wa moto kwenye kiganja, na hapo hapo, jamani, nikawa Njombe, nina miaka minane, nimesimama juu ya ngazi bila sweta.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hilo bomba linatakiwa litoke nje."

"Litatokaje, mama? Dirisha lina nondo, na mwenye nyumba amekataza kutoboa ukuta."

"Niachie mimi. Mimi ni mtoto wa fundi bati."

Akacheka. Hakujua anamcheka nani.

Fundi bati mwenyewe alikuwa mama yangu. Si baba, baba alikuwa anapasua mbao huko milima ya Matamba, na alirudi nyumbani mara chache akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Mama ndiye alikuwa na kibanda pale sokoni Makambako, jirani na barabara ya malori, na kazi aliipata kwa baba yake, babu yangu, ambaye watoto wake wa kiume walimkimbia mmoja mmoja kwenda kutafuta udereva. Babu alimwachia mkasi wa bati, nyundo tatu, na kipande cha reli chenye urefu wa mkono, kilichokatwa zamani sijui na nani, ambacho juu yake ndipo alipofulia kila kitu. Mpaka leo nikisikia treni popote pale, naisikia na nyundo ya mama: ko, ko, ko-ko. Alitengeneza majiko ya mkaa, ndoo za kumwagilia bustani, makopo ya kupimia maharage, na kuliko vyote, vibatari. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilipikia na kusomea kwa mwanga wa kibatari cha Mama Ene. Ene ndiye mimi.

Nayasema haya kwa majivuno na sitaomba radhi. Wenzangu shuleni walikuwa na mama wauza nyanya na mama walimu, na wote walikuwa watu wazuri, lakini mimi nilikuwa na mama anayekunja chuma. Na ulimi wake ulikuwa wa chuma kile kile. Mteja akimwambia kwamba mkunjo umelegea, mama aliweka nyundo chini, akakichukua chombo, akakijaza maji mbele ya macho ya huyo mteja na kumwambia, "Haya, nionyeshe panapovuja." Sikuwahi kuona panavuja. Kwa hiyo mama hakuwa na mazoea ya kusema "kosa langu." Neno hilo sikulisikia kinywani mwake mpaka siku hii ninayotaka kuwasimulia.

Umeme ukaingia mtaani kwetu. Watu walishangilia, na mimi nikiwa mmoja wao. Niliwasha na kuzima taa ya jirani mpaka nikafukuzwa. Sikuelewa kwa nini mama hashangilii. Vibatari vikaanza kujaa kibandani, vimepangwa mistari mizuri, na hakuna wa kuvichukua. Kazi ya bati yenye heshima ilibaki kwenye majengo, mifereji ya maji na mabomba ya moshi, na hiyo walikuwa wameishika mafundi wanaume. Mwanamke kupanda juu ya paa, walisema, huo utakuwa mchezo wa kuigiza.

Basi akapita sokoni sista mmoja wa zahanati ya misheni, upande wa Njombe. Akanunua jiko la mama, wiki mbili baadaye akarudi na swali. Je, anaweza kuwatengenezea jiko la kuni lenye bomba la moshi, la kupasha joto chumba cha wazazi? Akina mama wanajifungua, wanatetemeka wao na vichanga vyao. Waanze na chumba kimoja tu. Kikifaa, mama ataweka na kwenye vingine vitano.

Mama alinieleza habari hiyo huku anakata bati, hata hakuniangalia. "Tukifaulu, Ene, nitakuwa fundi wa majengo. Tukishindwa, tutaendelea kuwauzia vibatari watu wenye umeme." Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililielewa.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na ninyi mliokulia huko sina haja ya kuwaambia mwezi wa sita ni kitu gani. Asubuhi nyasi ni nyeupe kwa barafu, ukizikanyaga zinalia chini ya mguu. Maji ya kunawa yanauma meno kabla hujayatia mdomoni. Kwetu joto lilikuwa linachungwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa na matambara maalumu ya kuziba chini ya mlango, mengine ya kuziba juu pale ukuta unapoachana na bati, na kazi yake kuanzia alfajiri ilikuwa kupiga kelele: "Funga mlango, joto linatoka!" Ukiingia unaambiwa. Ukitoka unaambiwa. Mgeni akizubaa mlangoni anavua viatu, anaambiwa na yeye, tena kabla hajapewa hata "kamwene" yake ya salamu. Nilikua nikiamini kabisa kwamba mtu mwenye akili zake ni yule anayeziba.

Tulisafiri kwa lori la mahindi, mama na mimi mbele na dereva, jiko na vipande vya bomba vimefungwa juu ya magunia. Jiko lenyewe lilikuwa pipa la lami ambalo mama alilichoma moto likaisha lami yote, akalikata, akalitia mlango na miguu mitatu. Njia nzima aligeuka nyuma kuangalia kamba kama mtu aliyempakia mtoto. Mimi nilikuwa na hofu zangu nyingine. Sisi ni Walutheri, sikuwahi kulala kwenye misheni ya Wakatoliki, na niliogopa nitaambiwa nisali kwa namna nisiyoijua nikosee. Sista Agatha, yule aliyekuja sokoni, alinipokea kwa uji wa maziwa na viazi vya kuchoma, sala hakuniuliza, na hofu ikaisha.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa fundi Zakayo. Huyu alikuwa mwashi wa misheni, mzee mwenye kofia ya sufu, na jengo lile alilijenga yeye. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wazazi amekunja mikono.

"Paa langu halitobolewi," akasema. "Na ukuta wangu hautobolewi."

"Nani amesema natoboa, baba?"

"Sasa moshi utapita wapi, mwanangu? Kwenye tundu la ufunguo?"

Wahudumu wakacheka. Mama hakucheka. Alilizunguka jengo mara mbili bila kusema, mikono nyuma, mimi namfuata. Halafu akaingia ndani akaenda dirishani, akakitoa kioo kimoja cha juu kwa ncha ya kisu, taratibu, akamkabidhi Sista akihifadhi. Akaipima ile nafasi kwa kamba yake yenye mafundo. Akakata bati bapa la ukubwa ule ule, akachora duara kwa uzi na msumari, akalikata. Kingo za lile duara akazichana meno meno, akayakunja moja huku, moja kule, moja huku, moja kule, na bomba lilipopenya pale lilibanwa pande zote bila msumari hata mmoja. Nje bomba likapiga kona, likapanda mpaka juu ya ukingo wa paa, likavikwa kofia ya kuzuia mvua. Paa zima, ukuta mzima. Fundi Zakayo akaja kulitikisa kwa mikono miwili. Halikutikisika.

"Tutaona likiwaka," akasema, akaondoka.

Likawaka. Kuni za miti ya miwati hizo, zikashika, jiko likaanza kunguruma kidogo kidogo, na moshi hukuuona ndani hata chembe. Mlikuwa na mama mmoja tu chumbani siku hiyo, wa Ipelele kule Makete, aliyekuja kwa dada yake Njombe akajifungulia hapo mtoto wa kike. Alikuwa amejifunga vitenge vitatu. Akafungua kimoja. Baadaye akafungua cha pili, akanyoosha miguu kuelekea kwenye jiko na kusema, "Loh, leo naviona tena vidole vyangu." Sista akafurahi, lakini alikuwa mtu wa taratibu. Akasema liwake leo na kesho, na Ijumaa asubuhi atakuja yeye na fundi Zakayo, atazame, atoe jibu la vyumba vilivyobaki.

Mimi nikatoka nje kutembea. Mama alikuwa ameiacha ngazi pale ukutani kwa ajili ya kukaza bomba vizuri kwenye paa. Nikaona paka wa misheni amelala juu ya bati karibu na lile bomba, amejinyoosha, hana habari na baridi. Nikapanda ngazi nione anachofaidi. Nikapeleka mkono karibu na kofia ya bomba.

Joto! Joto jingi, zuri, linapanda juu, linakwenda zake.

Nilishtuka jamani, nusura nianguke. Mama yangu, fundi kuliko mafundi, alikuwa amesahau kuziba. Amekata dirisha la watu, ameacha tundu, na joto la Sista lote linatoka nje kumpasha paka. Ijumaa watagundua. Fundi Zakayo atapanda ngazi kama nilivyopanda mimi, atasikia mkononi, atacheka kicheko chake, na sisi tutarudi Makambako kwenye vibatari vyetu. Nilimsikia bibi waziwazi masikioni. Nikashuka mbio kwenda kumwambia mama, lakini nilimkuta barazani na Sista, wanakunywa chai, na mama alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona anacheka hivyo tangu umeme uingie. Nikasema moyoni, simwaibishi. Nitaziba mwenyewe, kimya kimya, na atashinda bila kujua alikuwa anashindwa.

Ijumaa niliamka mapema, jiko bado halijawashwa, bomba limepoa kabisa. Nikavua sweta langu la shule, lile la kijani ambalo mama alilitarizi jina langu kwenye kola. Nikapanda, nikaing'oa kofia ya bomba, nikalikunja sweta na kulisukumiza ndani mpaka mkono ukafika kwenye kiwiko. Nikarudisha kofia. Baridi ilikuwa inanikata mbavu, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba.

Sista akaja, fundi Zakayo nyuma yake, na wahudumu wawili waliotaka kuona. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Akapanga kuni, akawasha, akafunga mlango wa jiko na kusimama pembeni akiwa ameshika mikono yake. Mwanzo hakikuonekana kitu. Halafu moshi ukachungulia kwenye mlango wa jiko. Ukatoka kwenye maungio. Ukatoka kila mahali, mzito, wa njano, na mara dirisha hatulioni tena.

"Toka! Tokeni nje!" Sista akapiga kelele. Yule mama wa Ipelele akatoka anakohoa, mtoto amemfunika kifuani, mpaka uani kwenye nyasi nyeupe za barafu. Kichanga kikalia. Sista akavua mtandio wake wa sufu akawafunika wote wawili, na mama wa watu alikuwa anatetemeka, miguu mitupu. Nilitazama miguu ile, nikajua kuna kitu nimekiharibu, ila nilikuwa bado sijajua ni kitu gani. Niliziba, sasa mbona hivi?

"Nilisema mimi," akasema fundi Zakayo. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyetazamia mvua ikanyesha.

Mama alikuwa ameshapanda ngazi. Akaitoa kofia, akatia mkono. Nikauona mgongo wake umetulia. Alivuta, likatoka sweta, jeusi, upande mmoja umebabuka. Alilitazama kule juu, ametupa mgongo sisi sote, nikamwona anaigeuza kola yenye jina langu. Kisha akalikunja akalipenyeza ndani ya kitenge chake, akashuka ngazi pole pole, akaenda kusimama mbele ya Sista.

"Kosa langu, Sista," akasema. "Kulikuwa na takataka kwenye bomba, na sikulikagua kabla ya kuwasha. Nisamehewe kwa huyu mama na mtoto wake."

Sista akamtazama yule mama wa Ipelele na kichanga chake. Halafu akasema kwa upole, na upole ule ndio ulikuwa mbaya zaidi, "Basi tuliondoe, Mama Ene. Hapa kuna vichanga, siwezi kujaribu mara mbili." Fundi Zakayo akamwomba mhudumu akalete kile kioo kirudishwe dirishani.

Mama hakubishana. Mama yangu, anayewajazia watu maji kwenye ndoo! Aliinama akaanza kuyafungua yale meno ya bati, moja baada ya jingine, kwa mikono yake mwenyewe. Hakunitazama hata mara moja. Nilikuwa nimengojea kofi, na kofi ningelishukuru. Nikaelewa kwamba anaacha kuwa fundi wa majengo ili mimi nisiaibike, na kwamba ananifanyia kile kile nilichodhani namfanyia yeye.

"Ni mimi!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Sista, ni mimi. Ni sweta langu. Mama hajui. Niliziba kwa sababu joto lilikuwa linatoka."

Kila mtu akageuka. Mama akaacha mkono kwenye bati. "Linatoka wapi?" Sista akaniuliza.

"Pale juu. Nililisikia kwa mkono. Lote linatoka, linakwenda kwa paka. Nikaziba ili mama ashinde."

Wote wakaangalia juu ya paa. Halafu yule mama wa Ipelele, pale uani ndani ya mtandio wa Sista, akaangua kicheko. "Mwacheni mtoto," akasema huku anakohoa. "Jana nzima nimelala natazama lile bomba nasema, ona wanavyotupa joto. Kwetu Ipelele tungeshaziba siku ya kwanza!" Mhudumu mmoja akainamisha kichwa, akasema na yeye alikuwa anawaza hivyo hivyo.

Hapo mama akasimama wima. Nilimwona akirudi kuwa yeye. "Sista, nipe dakika tano tu," akasema. "Ene, kaniletee unyoya wa kuku."

Nikakimbilia bandani, nikaleta. Mama akayakunja tena meno aliyokwisha kuyafungua, tukaingia ndani, akawasha tena, kuni kidogo, mlango wa jiko akauacha wazi nafasi ya vidole viwili, na bomba safari hii lilikuwa tupu. Moshi wote uliokuwa chumbani ukaanza kutokea madirishani, na jipya hakuna. Akanishika mkono, akanisogeza, akaniambia nishike unyoya pale kwenye upenyo. Unyoya ukalala kuelekea ndani, ukanichoropoka, ukamezwa na jiko.

"Umeona? Moto unavuta pumzi," akasema, na alikuwa anasema na mimi lakini alijua wote wanasikia. "Unavuta huku, unatoa moshi kule. Ukiuziba kule hauwezi kuvuta huku, unakufa, na kabla haujafa unakutapikia. Joto tunalolitaka halisafiri na moshi. Linashikwa na chuma, linabaki na sisi. Hilo ulilolisikia pale juu ni nauli tu ya moshi. Lazima tulipe, la sivyo hauondoki."

Fundi Zakayo akaomba unyoya mwingine. Akaushika, ukavutwa. Akaomba wa pili. Ukavutwa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kofia ya sufu mkononi, na alikaa pale mpaka Sista akamuuliza kama ameumia mgongo.

"Mimi jikoni kwangu nimeziba," akasema, bila kumtazama mtu. "Kulikuwa na tundu juu, nikaliziba kwa udongo, joto lisitoke. Mke wangu macho yanamtoka machozi kila siku, namwambia amezidi kulia." Akainuka, akamgeukia mama. Hakumwita mwanangu. "Fundi, ukimaliza hapa, utapita kwangu?"

Fundi! Alimwita hivyo mbele ya watu wote. Mimi nimehudhuria mahafali, nimeona watu wakivishwa majoho na kupigiwa makofi, na bado sijaona heshima iliyomkaa mtu vizuri kama neno lile lilivyomkaa mama yangu asubuhi ile, uso wote una masizi.

Sista aliingia chumbani, akakaa kwenye kigoda mgongo ukielekea jiko, akafumba macho. "Vimebaki vyumba vitano," akasema akiwa bado amefumba. "Mtaanza Jumatatu?" Halafu akafumbua jicho moja kunitazama mimi. "Na huyu je?"

Nikajua sasa narudishwa Makambako kwa lori la kwanza.

"Huyu ndiye mkaguzi wangu wa mabomba," mama akasema. "Bila yeye sifanyi kazi."

Sweta alinipa jioni, kule nyuma, hakuna mtu. "Kalifue," akasema, basi. Nililifua kwa maji ya barafu mpaka vidole vikafa ganzi, na masizi hayakutoka yote, wala pale palipobabuka hapakurudi. Shule zilipofunguliwa mwalimu wa zamu aliniuliza mbele ya mstari, sweta hili limepatwa na nini. Nikamjibu kwa sauti, mpaka darasa la saba walisikia, "Mama yangu anaweka mabomba ya moshi misheni, mwalimu, na mimi nakagua." Wala haukuwa uongo. Katika vile vyumba vitano mama aliniachia nikunje meno ya bati, moja huku, moja kule, na kabla ya kila moto wa kwanza alinituma juu ya ngazi nichungulie. Baadaye alipanda mapaa mengi, Njombe na Makambako, ya shule, ya watu binafsi, na jiko la fundi Zakayo lilikuwa la kwanza baada ya misheni. Kuhusu sweta hakusema neno tena, kwa baba wala kwa bibi, wala kwangu. Miaka thelathini na ushee.

Sasa turudi kwenye sebule yangu. Fundi wa viatu vyeupe alipoondoka, nilikwenda kununua kipande cha bati bapa. Mkasi ninao, mama alinipa ule mdogo wa babu siku nilipohamia Dar, nami huutumia kufungulia pakiti za maziwa, Mungu anisamehe. Nikasukuma kioo cha dirisha pembeni pamoja na wavu wake, nikaipima nafasi kwa kamba, nikakata, nikachora duara kwa uzi na msumari. Meno nikayachana. Moja huku, moja kule. Bomba likaja kukaa kwenye bati, hewa ya moto ikapita katikati ya nondo kwenda nje, ukuta wa mwenye nyumba haujaguswa. Baada ya nusu saa, wapendwa, tuliomba blanketi kweli. Wanangu wakaingia kutoka kucheza, wakasimama mlangoni kushangaa, na nikajisikia napiga kelele kwa sauti isiyo yangu: "Fungeni mlango, baridi inatoka!" Nilicheka peke yangu, hakuna aliyenielewa.

Nikapiga picha ya lile bati nikamtumia mama. Yuko Makambako, miguu inamsumbua, hapandi tena ngazi, lakini kipande cha reli bado kiko kibandani na hakiazimwi. Akanipigia hapo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeiona. Meno ya kushoto umeyakunja yote upande mmoja."

"Mama, lakini yameshika."

"Leo yameshika. Kesho yatalegea, na hapo ndipo hewa ya moto itakurudia. Rudia."

"Sawa, mama."

Nilidhani amekata simu. Nilisikia tu lori linapita barabarani kwake, kubwa, linapanda gia.

"Ene."

"Abee, mama."

"Na ndani ya bomba umekagua? Isije ikawa kuna sweta."

Yeye alikuwa anacheka, anacheka kile kicheko cha barazani na Sista, mpaka akaanza kukohoa, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani machozi yananitiririka mbele ya watoto, simu sikioni. "Haya, mkaguzi wangu," akasema alipopata pumzi. "Nenda kayakunje vizuri." Nikauchukua mkasi wa babu, nikayafungua yale meno ya kushoto, nikaanza upya.